Wake Wawili wa Dereva

4 Februari 1986

Kwa Kinyozi wa karibu na stesheni,

Ndugu yangu, salaam. Hunijui, nami sikujui. Nimeelekezwa kwako na padre wa parokia yenu, aliyesema nikiandika "Kinyozi" tu kwenye bahasha, itafika.

Mimi ni mkunga katika hospitali ya mji huu, mahali reli inapogawanyika. Babu yangu aliendesha garimoshi enzi za wakoloni, kutoka hapa hadi huko kwenu mwisho wa reli, na watu walimwita Dereva hata alipostaafu na kubaki na fimbo tu mkononi. Padre anasema huyo Dereva ndiye babu yako pia. Kama umesimama, tafadhali kaa.

Ninakuandikia kwa sababu ya makaburi. Manispaa inapanua barabara, na makaburi ya zamani ya reli yatahamishwa mvua zikipungua. Babu amelala katikati ya wanawake wawili. Kulia kwake ni bibi yangu, tuliyemwita Bibi Kota kwa kuwa aliolewa akaletwa kwenye kota za reli. Kushoto ni mwanamke tuliyeishi naye nyumba moja, mfumaji wa masweta, tuliyemjua kwa jina la Bibi Uzi tu. Msalaba wake ulikuwa wa mbao na maandishi yameliwa na mchwa.

Karani wa manispaa amefukua kumbukumbu. Faili la reli linasema Dereva alikuwa na mke mmoja, Bibi Kota. Cheti cha kanisa lenu kinasema alikuwa na mke mmoja, lakini jina lililoandikwa humo silijui, wala sijawahi kulisikia likitajwa kwetu. Karani akanitazama juu ya miwani. "Mama, marehemu ni mmoja, wake ni wawili, na kila mmoja yuko peke yake. Nimweke na yupi?" Anasema kumbukumbu zisipokubaliana, Babu atapewa kaburi lake, na wanawake wote wawili watakwenda kwenye shimo la pamoja na wasio na wenyewe.

Sitaki bibi zangu wawekwe na wasio na wenyewe wakati mimi nipo. Nakuomba: huyo mwanamke wa cheti alikuwa nani, na amezikwa wapi?

Wako,
Mkunga


15 Februari 1986

Bi Mkunga,

Barua yako ilinikuta nina mteja kitini. Niliisoma nikiwa nimeshika mkasi, na yule bwana akatoka kwangu upande mmoja kijana, upande mwingine mzee. Amekataa kurudi.

Nitakujibu kwa heshima kwa kuwa wewe ni mkubwa na ni mkunga. Lakini heshima hiyo isikudanganye. Mke wa Dereva ni bibi yetu. Alifunga ndoa kanisani, kengele ikalia, cheti kipo na kimetiwa sahihi. Huyo Bibi Kota wenu kwetu alikuwa na jina moja tu, na si la kumwandikia mtu anayepokea watoto wa watu. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema, "Reli ilimpa Babu yako mshahara, na ile njia panda ikamnyang'anya akili."

Unaniuliza bibi yetu amezikwa wapi. Umegusa mahali pabaya. Hatujui. Nilikuwa na miaka sita Babu alipougua huko kwenu. Bibi akafunga kifurushi akapanda treni kwenda kumtazama. Baba akatuambia alifia njiani, akazikwa kwenye stesheni ndogo. Nikimuuliza ni stesheni ipi, alikuwa anachukua wembe na kuunoa, na huo ndio ulikuwa mwisho wa mazungumzo.

Sina picha yake. Nina vipande tu. Alikata uzi kwa meno ingawa mkasi ulikuwa mapajani mwake. Aliimba puani wimbo mmoja, na kila mara aliuacha palepale, kama mtu aliyeitwa mlangoni. Mimi mtoto mdogo aliniita "mzee wangu." Na mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la pasi, nikilitia kidole ananiambia, "Hapo usibonye, hapo ndipo ninapofungukia."

Basi. Nimekaa na haya miaka yote bila kumwambia mtu, sasa nimemwandikia nisiyemjua. Mwambie karani wako aandike ukweli.

Kinyozi


27 Februari 1986

Ndugu yangu,

Kaa tena.

Nilisoma barua yako wodini, wakati wa chai. Nilipofika kwenye pasi, nilimpa muuguzi mwenzangu kikombe anishikie. "Hapo usibonye, hapo ndipo ninapofungukia." Kaka, mimi pia niliwahi kubonya. Niliambiwa maneno hayohayo.

Bibi yako hakufia njiani. Alifika. Bibi Uzi ndiye bibi yako.

Sijui nikuambieje mengine, kwa hiyo nitakuambia nilichokiona. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitano alipoingia uani kwetu na kifurushi chake. Babu alikuwa amelala chumba cha mbele, nusu ya mwili imekufa. Bibi Kota alitoka jikoni, wakatazamana. Kwa macho yale nilidhani patawaka moto. Bibi Kota akasema, "Umechelewa, nimeshindwa kumgeuza peke yangu." Bibi yako akaweka kifurushi chini, akakunja mikono ya gauni, wakaingia ndani. Wakamgeuza.

Tangu siku hiyo walimuuguza kwa zamu hadi alipotutoka. Baada ya mazishi bibi yako aliondoka, akarudi juma lilelile, na kifurushi kilekile. Hakueleza kitu. Bibi Kota akamwambia, "Chumba sijakifagia hata, kiko kama ulivyokiacha." Akaishi nasi miaka tisa.

Ungeiona ile nyumba! Iko nyuma ya karakana, na garimoshi likipita vikombe vinagongana kabatini. Barazani viti viwili vya kamba, kimoja kimelegea, na kila asubuhi waligombea kile kizima. Walikuwa na miwani moja kati yao. Mmoja akifuma, mwenzake anasubiri kusoma kitabu cha sala, anapiga miguu chini kwa hasira. "Mstari mmoja tu, nimalize mstari." "Mistari yako kama reli, haina mwisho." Walinuniana kwa sababu ya chumvi siku nzima, kisha jioni wanasukana nywele bila kusemeshana.

Wageni wakiuliza, "Huyu mama ni nani?" Bibi Kota alijibu, "Huyu ni mwenzangu." Sisi watoto tulisikia rafiki. Nimekuwa mtu mzima, nimezalisha wanawake wangapi, wake wenza wakija kuuguzana mbele ya macho yangu, na bado sikuwahi kujiuliza Bibi Kota alimaanisha mwenzake wa nini.

Alifariki mikononi mwangu, kaka. Sikuwa na habari kwamba namshikia mkono kwa niaba yako.

Mkunga


6 Aprili 1986

Dada,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Barua yako ya kwanza niliijibu kwa hasira. Ya pili nilishindwa hata kukasirika, nikaitia kwenye droo ya vitana. Kila nikivuta kitana inatoka nacho.

Mwishowe nikaenda kwa Mama. Anaishi na dada yangu, bado anachambua mchele mwenyewe, macho yake mazima kuliko yangu. Nikamwambia, "Mama, Bibi alifia wapi?"

Hakuinua kichwa. "Nani amekuandikia?"

"Ni kweli, basi."

"Baba yako alikuwa mtu mzuri."

"Mama, sijakuuliza hilo."

Akasogeza ungo pembeni. Akaniambia kwamba Babu alipougua, Baba alimwekea Bibi sharti: ukikanyaga nyumba ya yule mwanamke, hapa usirudi. Maskini Baba, amekua akiitwa mtoto wa mke aliyesahaulika mwisho wa reli, nadhani alitaka mtu mmoja tu duniani awe upande wake kabisa. Bibi akaenda. Alivyosema Mama, "Mumewe alikuwa anakufa, angekwenda wapi kwingine?"

Baada ya mazishi alirudi kwa treni ya asubuhi. Baba akasimama mlangoni. Mama alikuwa nyuma yake, amenishika mimi nisitoke. Baba akasema, "Rudi kwa mwenzio." Bibi akauliza, "Mtoto hajambo?" Mama akajibu kutoka ndani, "Hajambo, mama." Bibi akageuka akaenda zake stesheni.

Mimi nilikuwepo, dada. Nilikuwa nimeshikwa mkono palepale na sikumbuki chochote.

Halafu akaniambia jingine. Wakati wa baridi, kila mwaka, mwanamke mmoja muuza karanga wa kwenye treni alimletea Mama kifurushi sokoni. Sweta la mtoto. Mama alimwambia Baba amelinunua mnadani. Nimevaa masweta hayo utoto wangu wote! Yalinibana makwapani, mikono ikaishia hapa kwenye viwiko, shuleni wakaniita Soseji. Nililia nikamwambia Mama asininunulie tena nguo kwa yule mtu asiyejua kupima. Akanijibu, "Anapima awezavyo."

Sasa nina swali la kijinga, lakini wewe ulikuwa naye. Kwa nini yalikuwa madogo? Alidhani sikui?

Kinyozi


14 Aprili 1986

Kaka yangu,

Nimecheka hadi nikalia, au kinyume chake, sijui kipi kilianza.

Alijua unakua. Alikuwa anakupimia kwa mdogo wangu, aliyezaliwa mwaka mmoja na wewe. Tatizo ni kwamba mdogo wangu tulimwita Fito. Anakula sahani mbili, hajulikani zinakwenda wapi. Kila baridi ikikaribia, Bibi Uzi alikuwa anamwita: "Njoo usimame hapa, mzee wangu, inua mikono." Anamzungushia uzi kifuani, anamgeuza, anamrudisha. Fito analalamika, "Lakini mbona silivai?" Naye anajibu, "Wewe ni mwili, mwenyewe yuko mbali." Sisi tulidhani anawafumia wateja. Kumbe mteja alikuwa mmoja.

Nimemsomea Fito barua yako. Ni jitu zima sasa, fundi wa matanki ya maji, bado mwembamba. Akasema, "Mwambie Soseji aniwie radhi."

Nimekwenda pia kwa shangazi yetu, mtoto wa mwisho wa Bibi Kota, kuuliza habari za zile karatasi mbili. Amenieleza kwa kifupi. Babu alimwoa bibi yako kanisani akiwa kijana. Reli ilipomhamishia huku, bibi yako hakuweza kuja, alikuwa anamlea mama yake kipofu. Miaka ikapita, Babu akamwoa Bibi Kota kwa idhini ya wazee, bila kanisa. Aliyekuwa anagawa nyumba za reli, mzungu mmoja mwenye haraka, alipita kota na karatasi, akamkuta mwanamke jikoni akamwandika yeye. Palikuwa na nafasi ya mke mmoja tu. Babu aliyejua kusoma ishara zote za reli hakusema kitu, maana angesema angenyimwa nyumba. Kwa hiyo kanisa halikudanganya, na reli haikudanganya. Kila mmoja aliandika aliyemwona.

Karani ametupa siku: tarehe tatu Mei, asubuhi. Anataka cheti cha kanisa chenyewe, na neno la mtu mzima wa upande wenu kwamba Bibi Uzi ndiye aliyetajwa humo. Je, utakuja?

Fito atakupokea stesheni. Utamjua, ni yule atakayekuwa amejificha nyuma ya mlingoti.

Dada yako,
Mkunga


9 Mei 1986

Dada,

Nimefika salama. Maembe mliyonipakia yalipondeka njiani yote, behewa zima likanukia, abiria wakanipenda.

Bado nawaona mlivyosimama pale makaburini. Nilikuja nimejiandaa kugombana na karani, nimekariri na maneno, na wewe hukunipa nafasi. "Fomu inasema mke," anasema yeye. Wewe: "Kata hilo neno, andika wake." "Mama, fomu ya serikali haikatwi." "Mwanangu, mimi nimeandika pacha kwenye fomu za mtoto mmoja miaka ishirini na tano. Serikali haijafa. Kata." Na akakata! Halafu akatushangaza, akavua kofia na kusaidia kubeba.

Nashukuru mlisubiri niweke mimi udongo wa kwanza upande wa kushoto. Nashukuru pia Fito alivyosimama bega kwa bega na mimi.

Lakini dada, kuna jambo siwezi kumwambia mtu wa hapa. Juu ya kioo cha dukani kwangu kuna picha ya Baba. Ndiye aliyenifundisha kazi. Aliniwekea wembe mkononi akaufunika mkono wangu kwa wake, akanyoa mtu wa kwanza kwa kutumia vidole vyangu, ili nisiogope. Sijapata kumwona mtu mpole namna ile na watoto au wagonjwa. Tangu nirudi nanyoa nimeinamisha kichwa, maana nikiinua tu nakutana naye. Jana nimeishusha. Mama amepita dukani, ameliona pengo ukutani.

Nampenda na siwezi kumtazama. Miaka tisa! Treni ilikuwa inaondoka kila siku, dada. Angeweza kupanda siku yoyote.

Kinyozi


17 Mei 1986

Kaka,

Barua hii nimeianza mara nyingi. Nitakuambia kama nilivyoona, uamue mwenyewe.

Siku ile makaburini, wakati wanachimba, ulikwenda ukasimama peke yako karibu na uzio. Ulisimama mguu mmoja mbele, mikono nyuma, mkono mmoja umeshika kiwiko cha mwingine. Nilishtuka, nikaona niliwahi kuiona hali hiyo. Sikukumbuka wapi. Nimekumbuka juzi, nikiwa nafunga lango la nyumbani.

Ulikuwa mwaka aliofariki Bibi Uzi, majuma machache kabla. Alikuwa hawezi tena kutoka, tumemwekea kitanda karibu na dirisha. Asubuhi moja nikaona mwanamume amesimama nje ya lango, amevaa koti zuri, viatu vimejaa vumbi. Amesimama vilevile: mguu mmoja mbele, mkono umeshika kiwiko. Nikamwendea nikamwuliza anamtafuta nani. Akasema, "Sitafuti mtu, napumzika tu." Nikamkaribisha maji. Akasema asante, nitakunywa. Hakuingia.

Nikarudi ndani nikamwambia Bibi Uzi kuna mtu langoni. Aliomba tumwinue. Alimtazama kwa muda mrefu, na miwani ilikuwa kwake siku hiyo. Bibi Kota akafanya kama anataka kwenda kumwita. Bibi Uzi akamshika nguo. "Mwache. Ukimwita ataondoka. Mwache anitazame."

Mimi nilikwenda kuchota maji. Niliporudi na kikombe, hayupo. Nikamwonea huruma Bibi Uzi, nikidhani labda alikuwa anangoja mgeni. Lakini alikuwa ametulia, kaka. Alikuwa anaimba ule wimbo wake. Akaniambia, "Amenenepa," kwa sauti ya mtu aliyepata habari njema.

Nilikuwa sijui ni nani. Sasa najua. Sikuandikii ili umsamehe, hilo ni lako. Nimeona tu si haki nikae nalo peke yangu.

Dada yako,
Mkunga


26 Mei 1986

Dada,

Nimemsomea Mama barua yako. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, nimemleta dukani kwa kuwa nyumbani kuna kelele. Aliniomba nirudie mara mbili pale penye habari ya lango.

Akasema anaikumbuka siku ile. Baba aliaga kwamba anakwenda mjini kununua nyembe, akachukua koti lake la kanisani. Alirudi kesho yake, hana wembe hata mmoja. Mama akamwuliza, "Ulifika?" Baba akajibu, "Nimefika. Sikuingia." Mama akadhani anasema duka lilifungwa. Akamtengea chakula, Baba akala kidogo, akaomba maji ya kunawa, akakaa na lile beseni miguuni mpaka maji yakapoa.

"Ningejua ningemrudisha stesheni kwa mkono wangu," Mama akasema. Kisha akavuta leso akajifuta, akanyoosha gauni, akaniuliza treni ya Jumamosi inaondoka saa ngapi. Nikamwambia, Mama, ni safari ndefu, miguu yako. Akanikazia macho kama zamani.

"Sijakuuliza miguu. Nimekuuliza treni."

Basi tunakuja, yeye na mimi na mke wangu na watoto. Mwambie Fito aje na mkokoteni, Mama amefunga vitu kama anahama. Na usitungoje stesheni wala langoni, dada. Kaa ndani, uweke chai motoni. Mama amesema safari hii tukifika, tutaingia.

Kaka yako,
Kinyozi